Vidonge vya bakteria wazuri vya "kulinda ubongo": kwenye choo vinasaidia, kwenye ubongo bado

Naandika hii kwa wenye mzazi mwenye Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kuwa mzito), na kwa wale ambao tumbo linawasumbua miaka nenda rudi, maana saivi hivi vidonge vya bakteria wazuri vimejaa famasi za Dar na kwenye magrupu ya WhatsApp, na boksi nililonunua mimi limeandikwa kabisa kwamba vinalinda ubongo na vinazuia kutetemeka na kusahau. Jina la kampuni siweki, nimekuta chapa tofauti tofauti zenye maneno yale yale, kwahiyo ichukulieni kama rivyuu ya aina nzima.

Nilimnunulia baba. Baba yupo Hai kule Kilimanjaro, ana Parkinson, anatumia levodopa, dawa kuu ya huo ugonjwa, na kilichokuwa kinamtesa kuliko hata mkono kutetemeka ni choo. Anakaa siku kadhaa hajapata, tumbo limejaa, chakula hataki, alafu dawa yenyewe inachelewa kushika. Hili wengi hawaambiwi: levodopa inanyonywa kwenye utumbo mwembamba, sio kwenye mfuko wa tumbo, sasa kama tumbo halisukumi kitu dawa inakaa tu hapo juu na mzee amekaa kwenye kiti hawezi kuinuka, na nyie mnadhani dozi imekuwa ndogo mnataka daktari aongeze.

Kwa upande huo vidonge vimefanya kazi. Baada ya wiki chache za kumeza kila asubuhi choo kikaanza kuja bila kukazana sana, gesi zikapungua, na hakupata kuharisha wala kichefuchefu. Ila kipindi hicho hicho dada yangu anayekaa nae alikuwa anamsimamia maji, papai na mboga za majani kila siku, kwahiyo siwezi kusema ni vidonge peke yake. Nilichofurahi ni kwamba hili limepimwa na watafiti pia, sio maneno ya muuzaji. Malaysia waliwapa wagonjwa wa Parkinson wenye choo kigumu kapsuli zenye aina kadhaa za bakteria, wengine wakapewa za kufanana nazo ila hazina bakteria ndani, jumla watu 72, matokeo yakatoka 2021: waliopata za kweli choo kiliongezeka kama mara moja kwa wiki, wale wengine kikaongezeka kidogo sana. Mara moja kwa wiki ukiisikia ni kitu kidogo, ila muulize mgonjwa. Italia nako 2016 walifanya kitu cha namna hiyo kwa watu 120 wakitumia maziwa yaliyochachushwa yenye bakteria na nyuzinyuzi, na yakasaidia.

Sasa ubongo. Hapa ndo boksi linapochukua kitu cha kweli na kukivuta mpaka kisipofika.

Cha kweli ni kwamba tumbo na Parkinson vina uhusiano, na sio habari ya juzi. Daktari James Parkinson mwenyewe alipouelezea huu ugonjwa Uingereza mwaka 1817 alishataja kwamba wagonjwa wanapata shida ya choo. Hawaii waliwafuatilia wanaume 6,790 kwa miaka mingi, wakatoa majibu 2001, waliokuwa wanapata choo chini ya mara moja kwa siku walikuwa na hatari ya Parkinson mara 2.7 zaidi ya wale wa mara moja kwa siku. Inatisha eeh, lakini soma na namba ya pili: kati ya hao wote waliopata Parkinson ni 96. Yani wengi mno wenye choo kigumu hawakuja kuumwa, tafadhali mtu asikose usingizi kwa hili.

Mwaka 2003 Mjerumani mmoja, Heiko Braak, na wenzake wakaja na wazo kwamba huenda ugonjwa kwa baadhi ya watu unaanzia tumboni au puani kabla ya kufika ubongoni. Kuna protini inaitwa alfa-sinukleini, kwenye Parkinson inajikunja vibaya na kuganda ndani ya seli za neva (mishipa ya fahamu), na imekutwa mpaka kwenye neva za utumbo. Njia ya kupandia inadhaniwa ni neva ya vagasi, ile inayotoka chini ya ubongo mpaka tumboni. 2019 watafiti wa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, waliichoma hiyo protini iliyoharibika kwenye utumbo wa panya, ikapanda mpaka ubongoni, na kwa panya waliokatwa hiyo neva haikupanda. Mimi hii ndo iliyonifanya niache kudharau tumbo la mzee. Na kwa binadamu kuna kitu kinafanana nayo, Denmark na Sweden waliangalia watu waliokatwa neva hiyo zamani kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na wale waliokatwa shina lake lote walionekana kupata Parkinson kidogo kuliko wengine, japo tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kufunga mjadala.

Alafu kuna magonjwa ya utumbo kuvimba ya muda mrefu, kama Crohn. Denmark walipitia rekodi za kuanzia 1977 hadi 2014 wakakuta wenye hayo magonjwa wana hatari ya Parkinson asilimia 22 zaidi ya wasio nayo. Nimeona mtu kwenye grupu ameposti kwamba watu 22 kati ya 100 watapata, hapana jamani. Kama kwa kawaida wangeumwa watu 10 katika kundi fulani, hapo wataumwa kama 12. Na Marekani walikuta kwamba wenye hayo magonjwa waliopata dawa kali za kutuliza uvimbe walipata Parkinson kidogo zaidi kuliko wasiopata, kwahiyo wengi wanaangalia uvimbe wenyewe kama moja ya sababu.

Lakini hakuna hata kimoja hapo kinachosema ukimeza kapsuli ya bakteria hutapata Parkinson. Choo kigumu inawezekana ni ugonjwa wenyewe umeshaanza kimya kimya kwenye neva za utumbo, miaka kumi au zaidi kabla mkono haujatetemeka, na kama ndivyo kulainisha choo kunamwondolea mtu mateso ila hakufuti kilichoanza. Chuo cha Caltech, Marekani, 2016 ni kweli walionyesha panya waliobadilishwa vinasaba wawe na hiyo alfa-sinukleini nyingi wanazidiwa wakiwekewa bakteria za utumbo wa mgonjwa wa Parkinson, lakini kutoka hapo mpaka boksi la elfu sitini na kitu pale Kariakoo ni mbali sana. Na bakteria sio wote marafiki, kuna anaitwa Enterococcus faecalis anaivunja levodopa humo humo utumboni kabla haijafika kwenye damu. Kwahiyo neno "bakteria" peke yake kwenye boksi halitoshi, angalia aina imeandikwa jina kamili, angalia tarehe ya kuisha, na duka wanazihifadhi wapi. Zangu zimeandikwa zisizidi nyuzi 25 na nilizikuta dirishani juani, nikaomba wanitolee za stoo.

Kilichoniudhi kabisa ni muuzaji wa grupu anayewaambia watu wapunguze dawa za hospitali "tumbo likikaa sawa". Levodopa haikatwi ghafla, mgonjwa anaweza kukakamaa mwili mzima na homa kali na ikawa hatari kwa maisha yake. Na unga wa upupu msichanganye kienyeji, upupu una levodopa halisi ndani yake, ukiongeza juu ya vidonge vya hospitali umempa mzee dozi usiyoijua.

Nyota natoa tatu kati ya tano. Zote tatu ni za choo na kwamba havikumdhuru, mbili nimezizuia kwa sababu ya maneno ya ubongo. Bei ni kubwa kwa kitu ambacho mtindi, matunda na maji vinafanya sehemu yake, kwahiyo mwenye kipato kidogo aanze na hivyo.

Alafu nyumbani kwetu Hai watafiti walipita kijiji kwa kijiji kutafuta wenye Parkinson, majibu yakatoka 2008, na wengi waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani, wanaambiwa uzee. Kama mzee wako choo ni shida ya muda mrefu, harufu hasikii, usiku anapiga mateke na kelele usingizini, na sasa anatembea kwa kuburuza mguu, hiyo elfu sitini mpe kwanza ya nauli akaonwe na daktari.