Linux imekufungia nje: uhariri GRUB au uchomeke flashi?

Ikiwa kilichopotea ni nenosiri tu, anza na GRUB, programu ndogo inayoiwasha Linux. Kwenye menyu yake, kompyuta inapowaka, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza init=/bin/bash, kisha Ctrl+X. Mfumo huja katika hali ya kusomwa tu, kwa hiyo andika mount -o remount,rw / ndipo passwd na jina la mtumiaji. Kwenye Fedora usisahau kuandika pia touch /.autorelabel, ama SELinux, ulinzi wake wa ndani, yaweza kukukatalia kuingia. Huhitaji kifaa chochote, na hilo ni jambo kubwa ukiwa Kiwayu, mbali na maduka ya Lamu mjini.

Lakini umeme ukikatika katikati ya usasishaji, GRUB yenyewe isitokee, njia hiyo haikufai. Hapo ni flashi yenye Linux: washa kompyuta kwayo, pachika patisheni ya mfumo kwenye /mnt (na ya EFI, ile ya kuwashia, kwenye /mnt/boot/efi kama ipo), ingiza /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, ingia kwa chroot, amri inayokuweka ndani ya mfumo ulio kwenye diski, halafu grub-install na update-grub kwa Debian au Ubuntu. Ni ndefu, ila nenosiri pia hubadilishwa humo humo, na faili za mwenye kompyuta unazinakili kwanza kabla hujagusa kitu. Kwa sababu hiyo moja, mimi naiamini zaidi.

Diski iliyofungwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, haifunguki kwa njia yoyote kati ya hizi bila nenosiri au ufunguo wake.