Ekstano ya kufunga na paswedi: ununue ipi kama kazi zako ziko Kigoma

Mwaka juzi nilisahau begi kwenye basi la kutoka Kasulu, nikaja kushtuka nishafika home Mwanga, hapa Kigoma mjini. Laptopu ninayo mkononi, ila ekstano, yaani diski ya nje ya kuchomeka, ndo ilikuwa kwenye begi, na humo kulikuwa na picha za harusi tatu za watu sijazikabidhi bado, pamoja na mahesabu ya vikoba vinne ninavyovitunzia kumbukumbu, yaani majina, namba za simu, nida, nani anadaiwa shingapi. Begi lilipatikana kesho yake, kondakta muungwana sana yule, lakini usiku ule sikulala. Diski inanunulika. Kilichoniuma ni kwamba yeyote angeichomeka tu angesoma madeni ya kina mama wa watu. Na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwahiyo ukiwa na taarifa za watu usione ni mambo ya mabenki tu.

Sasa ukienda dukani watakuuliza unataka ya ukubwa gani na una bei gani. Mimi nakuuliza utaichomeka kwenye kompyuta gani, basi. Hilo ndo linaamua kila kitu, na orodha yangu nimeipanga kwa hilo.

Namba moja kwangu ni ekstano ya kawaida kabisa, isiyo na mbwembwe, ukaifunga mwenyewe na BitLocker, kufuli la paswedi linalokuja ndani ya Windows. Kwa huku kwetu ambako karibu kila ofisi ni Windows hii inatosha. Kitu ambacho watu wengi hawajui: kuifunga unahitaji Windows Pro (au zile za Enterprise na Education), lakini kuifungua hata Windows Home inafungua, unaweka paswedi tu. Kwahiyo kama laptopu yako ni Home tafuta rafiki mwenye Pro unayemwamini, kaa naye, ifungeni pale. Unabofya diski kwa kitufe cha kulia, unawasha BitLocker, unaweka paswedi, halafu itakuuliza ufunguo wa dharura uuhifadhi wapi, ni tarakimu 48. Usije ukauweka kwenye diski hiyohiyo! Mimi niliuprinti nikaupeleka kwa dada Ujiji, uko kwenye bahasha ya vyeti vyake. Itakuuliza pia ufunge diski nzima au sehemu iliyotumika tu, ikiwa mpya chagua iliyotumika, inaisha fasta, ikiwa ya zamani funga nzima maana mafaili uliyofuta bado yanaweza kuvutwa. Ikikupa kuchagua mtindo chagua ule wa kuendana na Windows za zamani. Na fanya hivi laptopu ikiwa na chaji ya kutosha, umeme wa huku unaujua, diski kubwa inakula masaa na ukiichomoa katikati unatafuta kesi.

Namba mbili ni diski ileile ya kawaida ila unatumia VeraCrypt, programu ya bure ya kufunga mafaili kwa paswedi, hii ni ya wale wanaochanganya, yaani wewe una Windows, mhariri wako wa video ana Mac, na kuna jamaa wa Linux. Inafanya kazi kote huko, japo kwenye Mac kwa kawaida inabidi kwanza uweke programu ya ziada kama macFUSE na hapo wengi wanakata tamaa. Ushauri wangu, usifunge diski nzima, tengeneza faili moja kubwa la kufuli ndani ya diski. Kwanini? Ukifunga nzima, kila ukiichomeka kwenye Windows inakuja ile meseji kwamba diski inabidi ifomatiwe ndo utumie, na siku moja mdogo wako au kijana wa ofisini atabonyeza ndio kwa nia njema tu. Diski yenyewe ifomati exFAT (ni mtindo wa kupanga mafaili kwenye diski, kama NTFS na FAT32), na ndani ya kufuli pia exFAT, kwasababu Mac inasoma NTFS ila haiandiki, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4.

Tatu ni zile zenye vitufe vya namba juu yake, Apricorn au iStorage. Unabonyeza pini kwenye diski yenyewe, kompyuta haijui chochote, iwe Windows, Mac, Linux zote sawa. Ningekuwa na hela hii ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Shida bei ni mara kadhaa ya diski ya kawaida ya ukubwa uleule, Kigoma sijawahi kuiona dukani, ni ya kuagiza, na ukikosea pini mara nyingi mfululizo inajifuta yenyewe. Kama unasahau hata pini ya M-Pesa achana nayo.

Nne, zinazokuja na programu zao za paswedi, mfano Samsung T7 na WD My Passport. T7 ni SSD, haina kitu kinachozunguka ndani, kwa barabara zetu na gari moshi hilo ni jambo zuri, ila programu yake ni ya Windows, Mac na Android, mtu wa Linux amekwama. Kufuli la kiwandani ndo siliamini sana: 2015 watafiti walionyesha udhaifu kwenye modeli kadhaa za My Passport, na 2018 wale wa chuo cha Radboud, Uholanzi, wakakuta udhaifu kwenye Samsung T3 na T5. T7 ilikuja baadaye. Mimi ningeinunua kama diski tu halafu nifunge na BitLocker.

Ya mwisho ni kufunga kwa APFS, mtindo wa kufomati diski wa Mac. Nzuri kwa mwenye Mac peke yake, Windows peke yake haiisomi.

Kuhusu vile vi-SSD vya TB 16 vya bei ya kutupa, acha. Ndani mara nyingi ni memori kadi imedanganywa ukubwa, unaandika mafaili yanaonekana yameingia kumbe yanapotea. Kabla hujaweka kitu ipime kwa H2testw, programu ya Windows ya kupima ukubwa halisi, kwenye Linux au Mac tumia F3. Ila diski ya TB 1 ikikuonyesha GB 931 usiende kugombana na muuzaji, hiyo ni hesabu ya Windows tu.

Halafu steshenari. Jamani, usifungue ekstano yako steshenari hata iwe na kufuli la aina gani, maana ukishaweka paswedi kwenye kompyuta yenye virusi, wezi wanaona kila kitu na paswedi yenyewe wanaibeba. Mimi nina flashi ya GB 8 imechakaa hadi kifuniko hakipo, naweka ile pidiefu moja ya kuprinti, naenda nayo, nikirudi naifomati.