Uzoefu wangu na huduma ya taka mtaani kwetu Dar: barabarani kunang'aa, uani kunanuka

Mtu akitafuta nyumba ya kupanga huku kwetu huuliza maji, umeme na kama njia inapitika masika. La taka haulizi mtu. Litakuja lenyewe, mwezi haujaisha, viroba vikishajaa nyuma ya jiko na nzi wakishajua njia. Naandika haya kwa wanaotaka kuhamia, na kwa jirani zangu ambao kila siku tunalalamika getini halafu mkutano wa mtaa ukiitishwa hatuendi.

Manispaa siitaji, wala mkandarasi wake. Nina ndugu Temeke, wengine Ubungo, wengine Kigamboni, na tukikutana msibani au harusini hadithi za taka ni zile zile, majina tu ndiyo yanabadilika.

Kwanza mjue unachokilipia. Kisheria taka ni kazi ya halmashauri, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalisema hilo. Lakini tangu miaka ya 1990 jiji hili lilishaanza kuwapa watu binafsi kazi ya kuzoa, kwa hiyo anayekuja mlangoni kwako si mtumishi wa manispaa. Ni kampuni au kikundi cha vijana na akina mama kilichopewa mtaa wenu. Kikundi hicho hakina mshahara, kinaishi kwa ada mnayolipa. Nyumba kumi zikigoma kulipa, kijana wa guta anakosa hela ya kula, na kesho yake haji. Ukilielewa hilo, mengi utakayoyaona baadaye hayatakushangaza.

Sisi tunalipa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa nyumba. Zamani dada mmoja alipita na kitabu cha risiti, risiti nyingine hata hazisomeki. Siku hizi anakuja na mashine, unapewa risiti yenye jina la halmashauri, au unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Hapo nawasifu bila kuchuja. Ukilipa kuna ushahidi, na yule aliyekuwa akiniambia "mama, mwezi uliopita hukulipa" sasa hana pa kushika.

Tatizo ni siku ya kuzoa. Tuliambiwa mara mbili kwa wiki. Inaweza kuwa Jumanne, inaweza kuwa Ijumaa usiku, inaweza isiwe kabisa. Siku yake ikifika unasikia filimbi, na hapo uwe nyumbani, uwe umeshatoa kiroba, na geti liwe wazi. Anayetoka kazini saa moja jioni akute taka zake zimebaki, ana lipi la kufanya? Wengi wetu tunaacha viroba nje usiku, mbwa wanavichana, asubuhi njia nzima ni maganda ya ndizi na pampasi.

Nimewahi kumuuliza kijana wa guta, maana yeye ndiye anayejua.

"Shikamoo mama. Gari limeenda kushusha, halijarudi."

"Marahaba. Tangu jana, mwanangu?"

"Dampo ni mbali mama, na foleni unaijua. Sisi tukijaza pale kwenye kituo hatuna pa kumwaga tena, inabidi tusubiri."

Ndivyo ilivyo. Guta linapita vichochoroni ambako lori haliingii, linakusanya, linamwaga kwenye kituo karibu na barabara kubwa, lori linakuja kubeba. Lori nalo linaelekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Anayeijua Barabara ya Nyerere anaelewa safari hiyo: upite Uwanja wa Ndege, upite Ukonga na Gongo la Mboto, ndipo ufike Pugu. Jiji hili Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na mji umeshatanuka hadi Bunju na Chanika, halafu lori litoke kila kona lihangaike na foleni ya magari ya abiria. Lori likichelewa huko, guta linasimama huku, na mimi natazamana na kiroba changu. Kwa hiyo sioni haki kumfokea kijana. Lakini mwenye mkataba anajua lori linachukua muda gani kwenda na kurudi, anajua ana malori mangapi. Anashindwaje kutuambia ukweli kwamba uwezo wake ni mara moja kwa wiki? Mara moja yenye siku inayojulikana ningeipokea kwa mikono miwili kuliko mara mbili za kubahatisha.

Kuhusu kiroba chenyewe. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, taka za jikoni tunaweka kwenye viroba vya mchele au vya mkaa. Marufuku ile naiunga mkono, mitaro ilipumua, na faini ya kukamatwa na mfuko inaanzia shilingi 30,000, si mchezo. Ila kiroba si bure. Vijana wakibeba na kiroba chako, kila wiki unanunua kingine. Mwambie mapema amwage akurudishie, na ukimpa elfu moja ya soda mara moja moja hata jina lako atalijua. Haikuandikwa kwenye mkataba wowote, lakini ndiyo inayofanya kazi.

Nikihamia kwenye kufagia barabara, hapo mimi na manispaa hatuna ugomvi mkubwa. Akina mama wa kufagia wanakuwa barabarani kabla adhana ya alfajiri haijaisha, na vikoti vyao vya kung'aa na fagio za chelewa zenye mpini mrefu. Lami yetu saa kumi na mbili asubuhi ni safi kuliko sakafu za watu. Nyota nne natoa, na ingekuwa tano kama si mchanga.

Mchanga wa Dar ndio taka kubwa ya barabarani. Mama anafagia kutoka katikati hadi ukingoni, anatengeneza vichuguu vidogo vilivyopangwa vizuri kila hatua chache, halafu anaondoka, kazi yake imeisha. Kubeba ni kazi ya mwingine mwenye toroli. Mwenye toroli asipokuja hadi saa tatu, bodaboda wameshapita juu ya vichuguu, daladala zimeshayumba kushusha abiria, na mchanga umerudi ulikotoka. Au mbaya zaidi, mtu anausukumia kwenye tundu la mtaro. Masika ikija, mtaro umejaa mchanga na chupa, maji yanapanda lami, na tunaambiwa wananchi hatuna ustaarabu. Ni kweli wengine hatuna, nawaona usiku wakimwaga ndoo kwenye mtaro kukwepa ada. Lakini mchanga ule haukumwagwa na mwananchi.

Usafi wa pamoja nao una kasoro hiyo hiyo. Wengi mnakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akataka nchi nzima ifanye usafi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi, maduka yafunguliwe saa nne. Hamasa ilikuwepo, mimi mwenyewe nilipenda, watu tulifahamiana. Siku hizi mtaani kwetu mwitikio ni mdogo, wenye maduka tu ndio wanaojitokeza kwa kuogopa mgambo. Tunazibua mtaro, tope jeusi linawekwa pembeni likauke, la kulibeba halipo. Wiki moja ya mvua linarudi ndani.

Bustani? Nitasema kwa ufupi, maana hazipo nyingi za kusemea. Kwenye mzunguko wa barabara yetu kuna majani yanayomwagiliwa na gari la maji hata kiangazi, maua yamepangwa kwa rangi, uzio umepigwa, na bango linakataza kukanyaga. Panapendeza ukiwa ndani ya daladala. Mtoto hawezi kuchezea hapo, mzee hawezi kupumzika hapo. Eneo la wazi la mtaa ambalo kwenye ramani ni uwanja sasa lina gereji, sehemu ya kuosha magari na vibanda. Nikitaka kivuli cha bure naenda mjini, ile Bustani ya Mimea ya tangu enzi za Mjerumani, mwaka 1893, nikae chini ya miti mikubwa nitazame tausi wakijivuta. Nauli kwenda na kurudi ndiyo kiingilio changu. Miti miwili ya mwarobaini iliyopo mtaani kwetu ilipandwa na marehemu mwenye duka la kona, na ndiyo bustani yetu ya kweli, bodaboda wote wanaegesha hapo.

Kwa wanaohamia: tenganisha taka zako. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba za Dar ni mabaki ya jikoni, na hizo ndizo zinazonuka lori likichelewa. Mimi nina ndoo mbili. Maganda yanaenda kwa jirani anayefuga, chupa na makopo anapitia kijana wa kukusanya, kinachobaki kwenye kiroba hakinuki hata kikikaa wiki. Pale Bonyokwa shirika la Nipe Fagio limefanya kazi hiyo na wakusanyaji wa mtaani, nyumba kwa nyumba, na Kinondoni wana kiwanda cha mbolea Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Inawezekana. Kwetu sisi, ukitenganisha, guta linachanganya yote tena mbele ya macho yako, ndiyo maana maganda nayamaliza mwenyewe.

Na usiishie kumlalamikia kijana. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, ukishindwa nenda kwa afisa afya wa kata, peleka na risiti zako. Nilienda na risiti mkononi, nikasikilizwa vizuri, na lori likaja kesho yake. Wiki iliyofuata likapotea tena.

Kuzoa nawapa nyota mbili. Tangazo limebandikwa ofisi ya mtaa kwamba mkandarasi mpya anaanza mwezi ujao na ada inapanda. Nimelisoma mbele na nyuma, kiasi kipo, namba ya malipo ipo, faini ya kuchelewa kulipa ipo. Siku ya kupita gari haimo. Mkutano ni Jumapili saa kumi, na mimi naenda na swali hilo moja tu.