Safu ya mbele niliilipia bure: siku sita za kambi kando ya mji wa wavuvi

Nimepiga kambi milimani na kandokando ya maziwa kwa zaidi ya miaka kumi, lakini hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala ndani ya hema hatua chache tu kutoka baharini, tena karibu na mji ambao riziki yake yote hutoka kwenye nyavu. Tulikuwa wanne, mimi na mwenzangu pamoja na watoto wetu wawili, na tulikaa siku sita. Kambi yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja niliyoizuia haihusiani na vyoo wala wahudumu. Inahusu jambo ambalo wenye kambi wanalijua fika na ambalo mgeni hakuambiwa, kwamba viwanja vya safu ya mbele, vile vinavyopigwa picha na kuuzwa kwa nyongeza, ndivyo vibaya kuliko vyote.

Tulifika saa kumi alasiri, maji yakiwa yamekupwa, na ufuo ulikuwa mrefu na tambarare kiasi kwamba mashua ndogo zilikuwa zimelala ubavu juu ya mchanga zikisubiri bahari irudi kuzinyanyua. Mhudumu alituonyesha kiwanja chetu, akatusaidia kubeba mizigo, akaenda zake. Hatua kama tano mbele ya mlango wa hema palikuwa na mstari wa mwani mkavu, vipande vya kamba ya nailoni na boya lililopasuka, na watoto wakaanza kuokota. Mtu aliyekulia pwani angeusoma mstari ule mara moja, kwa kuwa ndio unaoonyesha maji ya bamvua iliyopita, yaani ya siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, yalikomea wapi. Mimi niliuona kuwa takataka tu.

Kilichotuamsha kwanza kilikuwa upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi hiyo, kwa hiyo alasiri ndiyo saa ya upepo mkali ufuoni, na ndiyo hiyo hiyo saa ambayo wageni wengi hufika na kuanza kusimamisha mahema. Vigingi vyangu, vile vyembamba vya chuma vilivyokuja na hema na ambavyo havijawahi kuniangusha kwenye udongo, viling'oka kimoja baada ya kingine kama vijiti vilivyochomekwa kwenye uji. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya kona ya hema ili lisiruke, nikihisi aibu kidogo, wakati bwana mmoja wa makamo kutoka safu ya nyuma alipokuja akiwa na mifuko mitupu mkononi.

“Kigingi hakishiki mchanga mkavu, ndugu yangu,” aliniambia. “Jaza mfuko, funga kamba katikati, uzike.”

Tulijaza mchanga kwenye mifuko sita, tukachimba mashimo yanayofika magoti, tukailaza mlalo na kuifukia, kisha tukazishindilia sehemu hizo kwa miguu. Tangu hapo hema halikutikisika hata siku moja. Kambi inayouza malazi juu ya mchanga ingepaswa kuwa na rundo la mifuko kama hiyo pale mapokezi, na kuipata kwake ni kazi ndogo mno.

Jua lilipozama upepo ulitulia, nasi tukadhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumefika siku mbili baada ya mwezi kuandama. Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi huungana, na katika siku hizo, mara nyingi siku moja au mbili baadaye, maji hujaa juu zaidi na kupwa mbali zaidi kuliko siku nyingine. Hiyo ndiyo bamvua. Kwenye pwani nyingi maji huchukua takriban saa 6 na dakika 12 kutoka kupwa hadi kujaa, hivyo kwa hesabu ambayo ningeweza kuifanya kwa vidole, bahari iliyokuwa mbali saa kumi alasiri ilikuwa njiani kuja kwetu saa nne usiku. Sikuifanya. Niliyasikia tu mawimbi yakibadilika sauti, nikatoka na tochi, nikachomeka kijiti kwenye ukingo wa povu na kusimama pale nikikitazama. Kijiti kikazama. Nikachomeka cha pili, nacho kikazama. Cha tatu kilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, na hapo maji yakasita, yakakizunguka mara mbili tatu, yakaanza kurudi. Hatukulowa, lakini sikulala, na mwenzangu alinikumbusha zaidi ya mara moja kwamba safu ya mbele ilikuwa wazo langu.

Asubuhi niliomba kuhamishwa. Wahudumu walikubali bila maneno mengi, wakatupa kiwanja cha safu ya tatu nyuma ya vilima vya mchanga, na hata walikuja wawili kutusaidia kubeba. Nyongeza niliyolipia mandhari ya bahari haikurudishwa, na hilo bado linaniuma. Hata hivyo, safu ya tatu ilikuwa raha: vilima vinakata upepo, ardhi imeshikwa na majani, na bahari unaifikia kwa mwendo wa dakika mbili kwa miguu.

Sasa nizungumzie bandari, kwa sababu nimeona wageni wengine wakiilalamikia kambi hii kwa kelele zake. Kelele zipo. Usiku hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko ile ya juu, na sauti badala ya kupotea angani hupinda na kurudi chini, kiasi kwamba injini iliyo mbali unaisikia kana kwamba imeegeshwa kando ya mto wako. Mashua zilitoka magharibi na kurudi alfajiri, na kila mara tulijua. Lakini mtu aliyechagua kupumzika kando ya mji wa wavuvi kisha akakasirika kwa sababu wavuvi wanavua, huyo sina la kumsaidia zaidi ya kumshauri achukue vizibo vya masikio. Watoto wangu waliomba tukae nje kila usiku kutazama taa za mashua kwenye upeo wa macho, zikiwa nyingi mfululizo kama mtaa uliohamia baharini. Wavuvi wanaotumia taa kuvuta samaki hutafuta usiku wa giza, kwani mwezi mpevu ukiangaza bahari nzima taa hupoteza nguvu yake. Yaani siku zile zile zilizotuletea bamvua ndizo zilizotuletea taa.

Asubuhi ya tatu tulikwenda gatini kuona samaki wakishushwa. Ni mahali pa kazi, na anayekwenda kutazama akae pembeni, asikanyage wala kuruka kamba iliyokazwa, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alimruhusu mwanangu kusogea. Mkono wa kulia ulikuwa na sindano bapa iliyozungushiwa uzi, wa kushoto kijibao laini kilichotoshana na upana wa jicho la wavu. Kila fundo alilipitisha juu ya kijibao hicho, akalikaza kwa kidole gumba, akakisogeza, na macho yote yakatoka sawasawa bila kupima. Mwanangu alisimama pale karibu saa nzima, na huyu ni mtoto ambaye hawezi kukaa mezani dakika kumi.

Huduma nyingine hazina mengi ya kusimulia. Vyoo ni safi, mapipa ya taka yana vifuniko vizito ambavyo ndege wa baharini hawawezi kuvifungua, na kuna banda la kupikia lenye paa. Ni marufuku kuwasha jiko ndani ya hema, na mhudumu hupita usiku kukagua. Wapo walionuna, lakini gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi na imewaua watu waliolala, kwa hiyo katika hilo niko upande wa mhudumu. Bomba la maji baridi lililo karibu na lango ndilo nililolitumia kuliko chochote. Siku ya nne zipu ya mlango ilikataa kupanda, meno yake yakiwa meupe kwa chumvi, na kikombe kimoja cha maji kilitosha kuirudisha kazini. Hema lote nalo nililisuuza kabla ya kulikunja, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye kitambaa huvuta unyevu wa hewani, na hema lenye chumvi halikauki sawasawa hata likianikwa juani.

Nitarudi, na nimeshachagua safu ya tatu, katika wiki ya nusu mwezi, wakati wa maji mafu ambapo bahari haipandi sana. Wenye watoto wadogo wanaotaka kuogelea ufuoni wakati wowote wa mchana watafaidika na wiki hiyo hiyo, kwani hata kupwa kwake si kwa mbali.

Siku ya kuondoka nilikwenda kurudisha ufunguo wa bafu, na mhudumu akaingia stoo kutafuta daftari, akaacha mlango wazi. Nyuma ya mlango huo palikuwa pamebandikwa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la mwezi mzima, na usiku wa kufika kwetu ulikuwa umezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu.