Swichi ya programu sina ugomvi nayo, fundi ndiye aliyeniumiza

Naandika nikiwa na hasira bado. Nauza intaneti ya WiFi hapa Mwanga, Kigoma. Miezi kadhaa nyuma nilimlipa fundi kutoka Dar anifungie Open vSwitch, yaani swichi ambayo ni programu tu, kwenye seva, wateja wakiongezeka nisihangaike kununua swichi nyingine. Mwanzoni ilienda vizuri sana. Wateja walipozidi, ikifika jioni mtandao unakwama. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi ananipigia, malipo yamegoma, mzigo wake umesimama, nami sina la kumwambia.

Nikampigia fundi. "Dada yangu, haya mambo ya kitaalamu huyawezi, wewe nunua seva kubwa tu." Akakata simu! Hela yangu keshaichukua, halafu ananikatia simu.

Nikaingia mwenyewe. Nimeandika ovs-dpctl show, amri ya kuonyesha hesabu za swichi. Namba ya "missed", yaani pakiti (vipande vya data) ambazo swichi haina jibu lake tayari, inakimbia, "lost" nayo inapanda, maana yake pakiti zinatupwa. Swichi hii inapata kasi kwa sababu pakiti ya kwanza tu ndiyo inayopandishwa kwenye sehemu kuu ya programu kuulizia njia. Jibu linabaki kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa seva, zinazofuata zinapita moja kwa moja. Na lazima iwe hivyo: laini ya gigabiti 10 ikijaa pakiti za baiti 64 ni pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, kila moja ina nanosekunde kama 67. Utauliza njia saa ngapi?

Jibu moja linaweza kutosha miunganisho mingi, ila bwana huyu alijaza sheria za kuchuja poti za TCP (namba zinazotofautisha mawasiliano ya kila kifaa), hadi za upande wa mtumaji. Kwa hiyo kila muunganisho mpya ukadai jibu lake peke yake. Simu moja yenye kirusi ikianza kupekua poti, mtaa mzima unaumia.

Nilizitoa sheria zile, uchujaji nikauhamishia kwenye ruta. Jioni ile ile "lost" ikatulia. Seva ni ile ile!

Nilitaka kutoa nyota mbili, natoa tano. Au nne, maana swichi inatupa pakiti za watu kimya kimya, usipojua pa kuchungulia hujui kitu. Wapo wanaonishauri nihamie DPDK, njia ya kushughulikia pakiti bila kupitia kerneli. Hapana, ile kwa kawaida inakamata sehemu ya prosesa asilimia 100 hata usiku hakuna mteja, na bili ya umeme nalipa mimi.

Na wewe fundi, pesa ya matengenezo niliyokulipa naitaka irudi.