HikariCP: kazi safi kabisa, ila majina ya mipangilio yanachosha

Wadau niseme mapema, hii kitu naipenda. Kila mradi wangu wa Java unaogusa databesi naweka HikariCP, yaani ile puli (pool) inayoshika konekisheni zikiwa zimefunguliwa tayari ili kila rikwesti isianze upya kupiga hodi kwenye databesi. Nyepesi, ina kasi, na tangu Spring Boot 2.0 (ile fremuweki ya kujengea programu za Java) itoke mwaka 2018 inakuja yenyewe hata hujaiomba. Kwenye kazi sina neno.

Kilio changu ni majina. Anuani ya databesi kwenye Spring Boot unaandika spring.datasource.url, kwa Hikari yenyewe ni jdbcUrl, puli ya Tomcat wao url. Mtumiaji kwa Hikari ni username, ukienda c3p0 (puli nyingine) ni user, JPA (kanuni za Java za kuhifadhi data kwenye databesi) ni jakarta.persistence.jdbc.user (zamani ilianza na javax, miradi mingi bado ipo huko), halafu Hibernate anayefanya kazi ndani ya JPA hiyohiyo ana hibernate.connection.username. Idadi ya juu ya konekisheni ndo usiseme: maximumPoolSize kwa Hikari, maxPoolSize kwa c3p0, maxActive kwa Tomcat, na DBCP, puli nyingine tena, ilikuwa maxActive, toleo la 2 likaja na maxTotal. Kitu kimoja majina manne jamani.

Hii imeshatugharimu. Tulipandisha mfumo mmoja wa mteja kutoka Spring Boot 1.5 kwenda 2, faili la mipangilio lilikuwa na spring.datasource.tomcat.max-active=50 na hakuna aliyeligusa, ikawaka vizuri, hakuna eror wala onyo, kumbe ule mstari wa puli ya Tomcat hausomwi tena na Hikari imeshika 10 zake za kawaida. Mwisho wa mwezi watu wakajaa, logi zikaanza kumwaga "Connection is not available, request timed out after 30000ms" na sisi tunaisaka shida kwenye databesi usiku mzima wakati databesi ilikuwa imetulia tu haina kazi.

Nyingine ni ukitaka databesi ya pili. Ile ya kwanza unaandika url na inakubali kwa sababu Spring Boot inakutafsiria, ya pili ukitengeneza bini (bean, kifaa kinachoshikwa na Spring) yako mwenyewe na kuibandika moja kwa moja kwa Hikari ukaandika url vilevile inakataa, "jdbcUrl is required with driverClassName", inabidi uandike jdbc-url. Ndani ya faili moja, mistari miwili inayofanana, majina mawili! Anayeanza kujifunza atajuaje?

Na muda nao. connectionTimeout ya Hikari ni muda wa kusubiri konekisheni kutoka kwenye puli, kwa milisekunde. Kuna connectTimeout ya draiva (ile maktaba inayounganisha Java na databesi), hiyo ni kitu kingine kabisa, na kwa PostgreSQL inahesabiwa kwa sekunde wakati kwa MySQL ni milisekunde, kwahiyo ukinakili 5000 kutoka mradi wa MySQL ukaipeleka PostgreSQL umeweka zaidi ya saa nzima ya kusubiri.

Haki yake nimpe Hikari, ukiipa faili lake la propati moja kwa moja ukakosea jina inagoma kuwaka na kukutajia propati ambayo haipo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukimya unaingia ukipitia Spring Boot, ambayo jina isiyolijua inalipita tu.

Nampa nyota 4 kati ya 5, ile moja ni ya majina na sio kosa lake peke yake. Ukiiweka leo washa logi ya com.zaxxer.hikari.HikariConfig kwenye DEBUG, itakuchapia mipangilio yote wakati wa kuwaka, tafuta maximumPoolSize uone namba iliyoshikwa kweli kabla hujapeleka kwa mteja.