Masomo ya historia ya jioni, Kamalondo: nyota nne, ya tano imekaliwa na viti

Nimekwenda mara tano kwa mwalimu mmoja mstaafu hapa Kamalondo, Lubumbashi, Alhamisi jioni, franka 3000 kila kipindi. Mabaya kwanza: viti ni vya plastiki na kimoja kilinivunjikia mbele za watu. Umeme ukikatika tunasoma kwa tochi za simu. Baa ya jirani nayo haijui kama kuna watu wanaotaka kusikia.

Nilirudi kwa sababu ya kipindi cha tatu: chama cha Hitler kilipataje watu. Nina duka la unga na mafuta ya kupikia, nilikuja na jibu langu mfukoni: njaa. Papa Mwalimu akaandika ubaoni kwa chaki: 1928, asilimia 2.6 ya kura. 1930, asilimia 18.3. Julai 1932, asilimia 37. Halafu akauliza, ni akina nani hawa?

"Wasio na kazi," nikasema, tena kwa sauti. Mwanzoni mwa 1932 Ujerumani ilikuwa nao kama milioni 6.

Akatikisa kichwa. Wasio na kazi wengi walielekea kwa Wakomunisti. Kwa Hitler walijaa zaidi wakulima, mafundi, makarani, wenye vijiduka: watu ambao bado wana kitu, na hawalali kwa kuogopa kesho hakipo. Nikanyamaza. Vijiduka ndio sisi.

Vijana nao walipewa shati la kahawia la wanamgambo wa chama, supu, na pa kwenda asubuhi. Na hata hivyo, Novemba 1932 kura zilishuka hadi asilimia 33. Ukansela, yaani uongozi wa serikali, Hitler alipewa na Rais Hindenburg, Januari 1933, wakubwa waliomzunguka wakidhani watamwendesha.

Kijana mmoja akauliza kama hapa kwetu mambo hayo yangewezekana. Wazee wawili wa nyuma wakaguna. Mwalimu akagusia Katanga ya 1992: Gécamines, kampuni ya migodi, inaporomoka, chama cha UFERI na vijana wake wakiwafukuza Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, na kuwaita "bilulu", yaani wadudu, familia zimelala kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni. Dakika tano, akafuta ubao. Hapo ndipo nampunguzia maksi kweli, viti ni utani tu.

Maana mwaka ule nilikuwa Likasi, nina miaka tisa. Jirani yetu, Mkasai, alimuuzia baba mashine yake ya kushona kwa bei ya mifuko miwili ya unga, uzi mwekundu bado umo kwenye sindano. Baba hakuwa mtu wa chama wala hakurusha jiwe. Alisema tu, nisingeinunua mimi angeinunua mwingine.

Mama anaishonea hadi leo. Alhamisi ijayo nitabeba kiti changu kutoka dukani, na nitamwomba Papa Mwalimu aturudishe stesheni.